Shati Ambalo Sikulikata

Ni kweli, nilikuwa nalala kazini. Kwa miaka yote niliyoshona mablanketi ya viraka sebuleni kwangu hapa Maisaka, mjini Babati, nimelikana jambo hili mbele ya wateja, mbele ya mume wangu, na mbele yenu ninyi mliokuja kujifunza kwangu. Mara nyingi mlinikuta nimejinyoosha mkekani katikati ya vitambaa, nikawaambia kwamba napima. Sikuwa napima. Hakuna mtu anayepima huku anakoroma. Nilikuwa nimelala, tena nilikuwa naota, na sehemu kubwa ya kazi mliyoisifia ilifanyika humo ndotoni. Mimi niliamka tu nikaishona.

Sasa nimeshawakabidhi mabeseni, pasi ya mkaa na ule mkasi mkubwa ambao ni mwiko kuukatia karatasi, kwa hiyo hakuna tena wa kunifukuza. Watu mjini wanasema nimeacha kwa sababu ya lile shati. Nimeacha kwa sababu ya macho. Tundu la sindano limekuwa likinikimbia tangu mvua za mwaka jana. Lakini habari ya shati nitaieleza, maana imeshasimuliwa sokoni kwa namna nyingi, na katika zote mimi ni mganga.

Nianzie mwanzo. Nilirudi Babati kutoka Dar es Salaam nikiwa na shahada ya sosholojia na imani kwamba mji ulikuwa unaningoja. Mji haukuwa na habari. Nilikaa nyumbani kwa mama nikisoma magazeti ya zamani, mpaka siku moja mama, aliyechoka kuniona, akanituma Nangara kwa Bibi Martina kuchukua foronya. Nadhani foronya zilikuwa kisingizio.

Bibi Martina alizaliwa Dareda, na alipokuwa msichana masista walimfundisha kudarizi vitambaa vya altare. Nilipomfahamu alikuwa mjane mwenye vidole vilivyopinda na macho ya mwewe. Nyumba yake ilijaa mabaki: vipande vya vitenge, pindo za kanga, mikono ya mashati, makoti ya shule yaliyobaki mgongo tu. Alinipa sindano na foronya moja niishone upande. Niliposhona aliigeuza huku na huku, akaishika mbele ya dirisha, kisha akamwambia paka, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine, "Huyu hanyooki. Tumpe kazi isiyonyooka."

Ndivyo nilivyoingia kwenye viraka. Kamusi ina neno zuri sana la mfarishi, na siku za mwanzo nililitumia mpaka mteja mmoja akaniuliza kama ni ugonjwa. Kwetu Babati huitwa blanketi la viraka, basi. Na la kwetu halikuwa na miraba iliyopangwa kama vigae vya bafuni. Unachukua shuka kuukuu la kuwekea chini, unaweka katikati kipande kidogo chenye pembe tano, hata kama pembe hazifanani. Unalaza kipande cha pili juu yake uso kwa uso, unashona ukingo, unakifunua, unapiga pasi, unapunguza. Halafu cha tatu, halafu cha nne, ukizunguka kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba gizani. Hakuna mstari ulionyooka hata mmoja. Ukimaliza ndipo unadarizi juu ya kila mshono mapambo ya unyoya, ya mnyororo au ya miguu ya kuku, na penye nafasi unatia kifungo au shanga. Bibi Martina alisema kila blanketi lazima libebe kifungo kimoja kutoka kwenye nguo ya mwenyewe. Hakueleza sababu. Niliandika ukurasa mzima kuhusu maana yake ya kijamii, akautumia kuwashia moto.

Rangi nilijifunza kwa kuharibu. Siku yangu ya kwanza kutia rangi peke yangu nilifua mita kadhaa za marekani, kile kitambaa cheupe cha pamba, nikazitandaza zikauke juu ya ua wa minyaa, kama tunavyotandaza kila kitu. Upepo ukavuruga, vijiti vikavunjika, maziwa ya minyaa yakadondokea kitambaa. Sikuona kitu. Nilipokitumbukiza kwenye rangi ya buluu kilitoka kikiwa na madoa meupe yaliyotawanyika, madogo kwa makubwa, kama anga la usiku wa kiangazi kule Mutuka ambako taa ni chache. Majirani wakaja kushangaa. Wakaniuliza nimefanyaje, nikawajibu kwa sauti ya mtu aliyesoma kwamba ni mbinu. Nilijaribu kuirudia mbinu hiyo nikapata mwasho wa mikono hadi kwenye viwiko. Nanyi nawasihi msiijaribu; maziwa yale yakiingia jichoni hakuna uzuri wa kitambaa utakaouona tena.

Somo jingine lilitokana na kwaya ya akina mama waliotaka vitambaa vya kichwa vya buluu moja. Niliwatilia rangi wa kwanza kwa maji ya mvua ya tangi. Tangi likaisha, nikamalizia kwa maji ya kisima, ambayo kwetu yana ukaidi wake. Jumapili kwaya ilisimama mbele ikiwa na mbingu tatu: ya asubuhi, ya mchana, na ile inayotaka kunyesha. Mwalimu wao hajanisalimia vizuri mpaka leo. Kwa hiyo, kama kazi ni moja, maji yawe ya chombo kimoja na siku iwe moja.

Lakini kanuni kubwa ya Bibi Martina ilikuwa hii: ukishapanga vipande, usishone siku hiyo. Alisema, "Viache vilale." Mimi nilikuwa mwanafunzi mtiifu kupita kiasi. Nilivilaza, na kwa kuwa ilikuwa baada ya chakula cha mchana, nikalala navyo.

Sijui niwaeleze vipi mchana ule wa sebuleni. Vitambaa vilivyotiwa rangi vilining'inia kwenye kamba iliyopita mbele ya madirisha, na jua lilipovipenya, chumba kizima kiligeuka buluu, au kahawia ya maganda ya vitunguu, au pinki ile hafifu inayotoka kwenye kokwa za parachichi. Maji yalidondoka kwenye mabeseni polepole. Mawingu yalikuwa yakishuka kutoka mlima Kwaraa, kivuli chake kikaingia, kikapita juu ya vitambaa mkekani, kikatoka upande wa pili kama mgeni aliyekosea nyumba. Nilihisi nimelala chini ya maji yasiyolowesha. Na humo vipande vilianza kutembea. Kijani cha sweta la shule kiliinuka, kikaenda kukaa karibu na wekundu wa kitenge cha bibi fulani, vikasogeleana, vikatulia. Mkono wa shati ulitafuta mkono wa gauni. Nilipoamka nilijua kila kimoja kikae wapi, nikashona kwa haraka kabla sijasahau, na jioni Baba Upendo, mume wangu, aliporudi alisema ameoa mwanamke pekee mjini anayelipwa kulala. Nikamwambia napima.

Miaka hiyo nilimweleza mtu mmoja tu, Bibi Martina mwenyewe. Alicheka mpaka subana ikamtoka kidoleni. Kisha akaniambia, "Usimwambie mtu. Wewe umesoma, watasema umerogwa. Mimi nikisema, watasema nimezeeka. Tunyamaze wote." Alifariki akiwa amenyamaza, nami nikaendelea.

Mama Josefina alikuja kutoka Mutuka miaka mingi baadaye, ninyi mlikuwa mmeshaanza kuja. Alikuwa mwanamke mwembamba wa shamba, mpole, amebeba kiroba cha mbolea kilichooshwa kikawa cheupe. Alinisalimia shikamoo, akakaa ukingoni mwa kiti, akakifungua. Zilikuwa nguo za mwanamume: suruali mbili za kaki, sweta la kijani la mitumba, koti lililochanika kwapani, na chini kabisa shati jeupe la mikono mirefu lililokunjwa vizuri kuliko vyote.

Nimeshona mablanketi mengi ya nguo za marehemu, kwa hiyo nilimpa pole. Akaikataa.

"Mimi sijafiwa, Mama Upendo. Nimechoka tu kuziona zikining'inia."

Mumewe, Baba Josefina, aliondoka kwenda Mirerani kwenye machimbo wakati Josefina bado ananyonya. Mwanzoni alipiga simu, halafu akahamia machimbo mengine, halafu simu ikawa haipatikani. Josefina sasa alikuwa anasoma. Watu waliacha kumuuliza habari za mumewe, kisha wakaanza kumwita mjane kwa bahati mbaya, kisha si kwa bahati mbaya tena. Nilimuuliza kama ana hakika anataka nguo zikatwe, maana zikishakatwa hazirudi. Aliwaza kidogo. Alisema kama mumewe amekufa, atajifunika yeye mkewe. Kama yupo, siku akirudi atajifunika mwenyewe, kwa sababu Mutuka Juni ni baridi. Sikuwahi kusikia oda iliyoelezwa vizuri kuliko hiyo.

Nilikata suruali, nikakata koti, nikakata sweta. Vipande nilivipanga mkekani pamoja na kile kitambaa changu cha buluu chenye madoa ya minyaa, nilichokuwa nimekitunza bila kujua ninamtunzia nani. Shati nililiweka katikati likiwa bado zima, nikikusudia litoe kile kipande cha kwanza chenye pembe tano. Mkasi nikauweka kando. Nikajilaza.

Ndotoni nililiinua shati ili nilikate, likawa limelowa. Maji yalichuruzika kutoka kwenye mikono yake. Na kwenye makwapa lilikuwa na joto. Halikuwa joto la jua wala la pasi. Lilikuwa joto la mtu aliyelivua sasa hivi akaenda kuoga, ambaye punde atatoka na kuuliza liko wapi.

Nilipoamka shati lilikuwa kavu na baridi, kama lilivyokuwa tangu litoke kirobani. Nilikaa nalo magotini mpaka kivuli cha Kwaraa kikaingia na kutoka. Sikuweza kulikata. Wala sikuweza kujieleza kwa nini, na mtu mwenye shahada akikosa maelezo anaona haya hata akiwa peke yake. Basi nikafanya kile tunachofanya wasomi tukiogopa kuamua: nusu. Niling'oa kifungo cha shingoni, nikakishona katikati ya blanketi juu ya kipande cha sweta, ili kanuni ya Bibi Martina isivunjike. Shati nikalirudisha kirobani. Mama Josefina nilimwambia kola ni nene, haikunjiki. Aliniangalia, akasema basi likae kwangu mpaka atakapokuja kuchukua yote mawili.

Kabla hajaja yeye, alikuja shemeji yake. Baba Emanueli ni kaka mkubwa wa Baba Josefina, mtu mzima, mkulima wa mahindi na maharage, mwenye kofia anayoivua akiingia ndani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikampa chai. Alizunguka kwa habari za mvua na bei ya mbegu, kisha akalisema lililomleta. Wazee wa ukoo wamekaa. Mama yao mzazi amezeeka, kila jioni anakaa mlangoni akitazama njia, chakula hali. Wameamua wamzike mwanawe ili bibi yule apumzike. Mwili hawana, kwa hiyo watazika nguo yake kando ya kaburi la baba yao, padre ameshaombwa sala, watu wameshaambiwa, ni Jumamosi. Walipomwendea Mama Josefina awape nguo, aliwajibu zote ziko kwa Mama Upendo.

Nilimwonyesha blanketi. Alilipitishia mkono polepole, akalitambua sweta, akatulia hapo.

"Hili haliwezi kuzikwa," alisema. "Hili ni kitanda cha watu."

Nikakubaliana naye.

"Naambiwa kuna shati hukulikata."

"Lipo."

"Kwa nini hukulikata?"

"Kola nene. Haikunjiki."

Akanywa chai. "Watu wanasema unaota, Mama Upendo."

"Mimi nina shahada, Baba Emanueli."

"Sijauliza umesoma nini."

Niliinuka nikasema naenda kumletea. Na kweli nilikuwa naenda kumletea. Nililitoa shati kirobani nikalipitisha uani, ambako sufuria ya maganda ya vitunguu ilikuwa motoni ikichemka taratibu pamoja na shabu ya kukamatisha rangi, ikingoja mita mbili za kitambaa cha mteja mwingine. Nilisimama hapo. Niliwaza kwamba shati hili ndilo nguo pekee nzima ya mtu huyu iliyobaki duniani, na kwamba nyingine zote nimezikata mimi. Likizikwa hili, amezikwa. Mama Josefina atakuwa mjane kuanzia Jumamosi mchana, na mkasi uliofanya iwezekane ni wangu. Sikuota wakati huo, nilikuwa macho kabisa. Nikalitumbukiza.

Niliporudi mikono ilikuwa inanidondoka maji ya rangi ya chai.

"Liko kwenye rangi," nikamwambia. "Halijakauka."

"Tutalizika likiwa bichi."

"Nguo mbichi haizikwi."

"Nani kasema?"

"Ni kanuni ya kazi."

Hakuna kanuni kama hiyo. Naiandika hapa msije mkawafundisha wengine. Baba Emanueli alinitazama kwa macho ya mtu aliyewahi kuuziwa ng'ombe mgonjwa, kisha akavaa kofia. Alisema atalifuata Jumamosi asubuhi, kavu au bichi. Mlangoni akageuka.

"Usilianike juani sana," akasema. "Litapauka."

Nilibaki nikifikiri. Mtu anayekwenda kufukia nguo udongoni, kupauka kwake kunamhusu nini?

Usiku ule Baba Upendo aliniuliza kwa nini nimelitia rangi shati la watu. Nikamweleza yote, hadi ndoto. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia yeye. Hakucheka. Alisema tatizo la kununua muda ni kwamba Jumamosi itafika tu, hata nikilitia rangi mara saba. Alikuwa sahihi, jambo ambalo hulifanya mara chache na kwa wakati mbaya.

Ijumaa nililitundika kwenye kamba mbele ya dirisha, kivulini, kama nilivyoagizwa. Lilikuwa limekamata rangi ya punje za mahindi yaliyokomaa, na mimi, pamoja na hofu yangu, nilijisifu kidogo. Niliweka mkeka nikajilaza ili niote cha kufanya. Usingizi haukuja. Niliwaza kulificha, niliwaza kusema mbuzi amelila, niliwaza kwenda Mutuka nikasimame mbele ya padre na wazee niseme kwamba mimi, msomi wa sosholojia, nimehisi joto kwenye makwapa ya shati nikiwa usingizini. Mchana kivuli kilihama, jua likalifikia shati. Niliinuka nilisogeze lisipauke. Nikaingiza mkono ndani, kwapani.

Lilikuwa na joto. Ni jua, nikajiambia. Nikauacha mkono hapo.

Ndipo simu ikaita mezani. Namba sikuijua. Nilidhani ni mteja.

"Shikamoo, mama," ilisema sauti ya mwanamume, na nyuma yake makelele ya stendi, wapiga debe, injini. "Wewe ndiye Mama Upendo wa mablanketi?"

"Marahaba. Ndiye mimi."

"Naambiwa una shati langu."

Nilikaa chini, juu ya beseni kwa bahati mbaya. Alikuwa anaongea taratibu, kama mtu aliyekosa mazoezi ya kuongea na watu wa kwao. Alisema alikuwa kusini, machimboni, mkono mtupu, na alikuwa ameapa hatarudi mkono mtupu. Halafu akakutana na mtu wa Mutuka aliyemshika bega akamwuliza mbona yuko hapa wakati kwao wanamzika Jumamosi. Kwa hiyo aliyemrudisha si mimi wala ndoto yangu, ni tangazo la kaka yake, na nawaomba mliseme hivyo sokoni. Alikuwa amempigia mkewe simu asubuhi, akiwa tayari njiani. Mkewe alilia, kisha akampa namba yangu na amri: asifike Mutuka kwenye maziko yake mwenyewe na matambara ya machimboni. Apite Maisaka kwanza, avae shati lake jeupe.

"Lilikuwa jeupe," nikamwambia.

"Lilikuwa?"

"Sasa ni la rangi ya mahindi. Nitakueleza ukifika. Na kifungo cha shingoni hakipo, kiko kwenye blanketi."

Nilisikia mpiga debe akiita watu wa Kondoa.

"Blanketi gani, mama?"

Nilitazama kule kitini lilipokuwa limekunjwa, kaki na kijani na anga la minyaa, kifungo kikiwa katikati.

"La kwako," nikasema. "Njoo, Baba Josefina. Shati limekauka."